Tayari, na Nia Anayo

Baba alinunua nyumba kwa karatasi ya stempu
juu ya kaunta ya duka la peda, Dharwad,
Juni, mvua ikipiga bati hata watu wakisemezana kwa vidole.
Alitoa arubuni, elfu arobaini, noti za mia mia
zilizofungwa kwa uzi wa kushonea.
Yaligar alizihesabu mara mbili, akilamba kidole,
akasema: "Mwalimu, miezi sita. Uje na zilizobaki."

Mwezi wa nne serikali ikapima barabara mpya.
Vigingi vyekundu vikapita nyuma ya kisima.
Mwezi wa sita baba akaenda na laki mbili na sitini,
bei ya shamba la babu,
ndani ya kikapu cha sokoni, chini ya majani ya tambuu.
Yaligar hayupo, alisema mkewe.
Viatu vya Yaligar vilikuwa mlangoni, vimelowa.

Ahadi ni deni, husema watu.
Hawasemi ni nani atakayelilipa.

Wakili Inamdar alitusomea sharti moja la sheria:
mdai awe tayari, na nia awe nayo,
tangu siku ya mkataba hadi siku ya hukumu.
Siku moja ukipungukiwa, basi.
Baba alifundisha hesabu; sharti lilimpendeza.
Akaziweka fedha benki, kitabu ndani ya sanduku la bati,
na kila Machi alikwenda kukigongesha muhuri.

Tulikuwa watu watano. Fedha ile ikawa wa sita,
haili, hailali, na wote tunaipisha.
Jicho la mama lilipotaka kupasuliwa tuliuza bangili,
zikatosha nusu ya jicho.
Mallavva alipoposwa tulikopa.
Mimi nilipoitwa chuo cha uhandisi, Hubli,
baba alikifungua kitabu, akakitazama, akakifunga.
"Wakinihoji," alisema, "nitasema nini?"

Tarehe: hakimu amehamishwa.
Tarehe: wakili wa upande wa pili anaumwa mgongo.
Tarehe: faili halionekani.
Faili limeonekana; mchwa wamekula ukurasa wa nne,
wakaiacha sahihi.
Tarehe.

Siku ya kuhojiwa: "Mwalimu, mshahara wako elfu sita.
Laki mbili na sitini ulikuwa nazo wapi?"
Baba akatoa kitabu. Mihuri, kurasa kwa kurasa.
Hakuna kilichotolewa, hata rupia moja.
Hakimu alikigeuza, akakigeuza tena,
kama mtu anayetafuta mahali tulipoishi.

Tulishinda mwaka wa ishirini na tatu.
Yaligar alikuwa amekufa, wanawe wamegoma kusaini,
kwa hiyo karani wa mahakama, kijana wa ndevu chache
ambaye hakuwa amezaliwa kidole kile kilipolambwa,
akasaini kwa niaba ya marehemu,
akapuliza wino.

Laki mbili na sitini, sasa, ni bei ya milango ile ya msaji,
ukiipata kwa mtu mwenye haraka.
Mjane wa Yaligar alikuja kuzipokea.
Hakuzihesabu. Alimwambia mama, si baba:
"Paa hatukulitengeneza.
Nyumba ina kesi, nani atapandisha kigae?
Mume wangu alifia chini ya ndoo."
Mama akamsogezea kiti, na jicho lake moja.
Walikaa hapo korido ya mahakama mpaka chai ikapoa,
nami sikujua ni nani kati yao aliyeshindwa.

Usiku wa kwanza ndani ya nyumba yetu mvua ilinyesha.
Nje malori ya barabara mpya yalipita, taa zikifagia kuta.
Baba alikuwa macho, kitabu kifuani,
mstari wa mwisho: sifuri, na muhuri wake.
"Na leo," aliuliza gizani, "wakinihoji?"

"Sogeza sufuria," alisema mama.
"Inavuja upande wako."